Hapa, Huku, Humu: Uainishaji wa Laptopu Zilizogoma Kupanda Daraja huko Sericho

Laptopu ikigoma katikati ya kupandishwa daraja, swali la kwanza ni la ngeli. Najua mafundi wa Isiolo mjini watacheka. Wao huuliza modeli, huuliza RAM, kisha huuliza umekuja na pesa ngapi. Lakini mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nimefundisha ngeli kwa miaka 12 katika wodi ya Sericho, na tangu usiku mmoja wa Oktoba 2025 nitakaousimulia humu, nina hakika kwamba fani nzima ya kutibu kompyuta imejengwa bila sarufi. Ndiyo maana paa lake linavuja.

Tuanze na istilahi, kama ilivyo ada. Vitabu vya shule vya Kenya vinataka "kipakatalishi". Watanzania wanasema "kompyuta mpakato". Sericho ni "laptopu", na ukienda dukani tunapochajia simu ukaulizia kipakatalishi, utaletewa dawa ya kupe. Basi laptopu, ngeli ya I-ZI: laptopu imegoma, laptopu zimegoma. Kanuni hii naifundisha asubuhi na inavunjwa kabla ya adhuhuri, kwa kuwa sisi wa Waso, yaani wa ukanda huu wa mto Ewaso Ng'iro, lugha yetu ya nyumbani ni Kiborana, Kiswahili tumekiokota shuleni, sokoni na juu ya malori, na kati ya ngeli zote tulizopewa tumependa moja tu. Ngamia amekataa. Gari amekataa. Mvua naye amekataa mwaka huu. Chochote kinachoweza kumsumbua binadamu kimepewa uhai, kikaingizwa A-WA pamoja na mifugo. Nimepigana na jambo hili kwa kalamu nyekundu na sijashinda.

"Kupandishwa daraja" nalo nimelichagua kwa makusudi. Mafundi husema apugredi. Walimu tunaijua hali yenyewe kwa jina letu: unatimiza masharti yote, unajaza fomu, unasubiri miaka, kisha unarudishwa ulipokuwa bila maelezo. Sijaona neno linaloifaa zaidi.

Uwanja wa utafiti

Sericho ni moja ya wodi 3 za Isiolo Kusini. Nyingine ni Garba Tulla na Kinna. Mto wetu ni Ewaso Ng'iro. Unatoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, unapita Archer's Post, unapita Merti, na ukitufikia sisi huwa umechoka. Mbele yetu kuna kinamasi cha Lorian, ambako mto huu humalizia safari, miaka unapofika. Miaka mingine hukauka mchangani ukiwa bado njiani. Naomba msomaji auweke akilini. Nitauhitaji tukifika kwenye bando.

Sampuli ni laptopu 4: za walimu wenzangu wawili, ya mwenye duka, na yangu. Zote ni za mtumba, zile zinazouzwa kwa jina la ex-UK, yaani zilizotumika ofisini Uingereza hadi zikastaafu, kisha zikaletwa kwetu kuanza kazi. Ya mwenye duka niliiweka iwe ya kulinganishia. Haijawahi kusasishwa chochote tangu inunuliwe, na haijawahi kugoma. Matokeo yake nimeyatupa kwa sababu yanaharibu nadharia.

Chanzo cha shughuli nzima ni kalenda. Windows 10 ilitoka tarehe 29 Julai 2015, na Microsoft ikatangaza kwamba msaada wake ungekoma tarehe 14 Oktoba 2025. Halikuwa jambo geni. Windows XP ilikatiwa msaada tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, ila habari za misiba hiyo zilitufikia matanga yameshaanuliwa. Safari hii tuliipata habari mgonjwa angali hai, na hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa sababu kila mwenye laptopu alitaka kufanya kitu. Isitoshe, mtu wa Waso haogopi makabidhiano. Katika mfumo wa gada uongozi wa Waborana hukabidhiwa kila baada ya miaka 8, rika moja likitoka na jingine likiingia, na sijasikia hata mara moja makabidhiano yakifika asilimia 75 kisha yakajitengua yenyewe na kumrejesha kiongozi wa zamani kana kwamba hakuna kilichotokea.

Swali la Abuya

Jumamosi iliyotangulia tarehe 14 Oktoba, laptopu yangu ilikuwa imegoma mara ya tatu. Abuya, kaka wa mama yangu, alikuwa nyumbani kwangu. Alikuwa ametoka fora, huko kwenye kambi ya mbali ya mifugo, akimtafuta mtamba wa ngamia aliyempotea siku tatu zilizopita. Alikuwa ameketi mkekani, fimbo mapajani, kikombe cha chai ya maziwa ya ngamia kikipoa mbele yake, akiniangalia ninavyobonyeza vitufe.

"Mwalimu, amekufa?"

"Imekufa, Abuya. Yaani haijafa. Imekataa tu."

"Amekataa." Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari za jirani. "Alikataa akiwa wapi?"

Nilimwambia sijui. Nilimsomea maandishi ya skrini: nambari ndefu inayoanza na sifuri na eksi. Akasema hakuuliza jina lake, ameuliza alikuwa wapi.

Ngamia akipotea, hakuna anayeanza kwa kuuliza kwa nini amepotea. Sababu za ngamia ni za ngamia. Huulizwa alionekana wapi mara ya mwisho, nyayo zinaelekea upande gani, zinaishia kwenye mchanga au kwenye mawe. Zikiishia kisimani, kuna wa kuulizwa. Zikiishia barabarani, kuna lori la kuulizwa. Zikiishia kwenye mawe, unazunguka yale mawe hadi uzipate upande wa pili. Kila mahali pana msako wake. Nyayo za mtamba wa Abuya zilikuwa zimeishia kwenye mawe.

Nami nikakumbuka kwamba Kiswahili kina ngeli nzima isiyo na kazi nyingine ila hii. PA-KU-MU, ngeli ya mahali. Wanafunzi huichukia kwa kuwa ina nomino moja tu na viambishi vitatu. PA ni mahali dhahiri, unapoweza kuweka kidole. KU ni mahali kusiko dhahiri, kulikoenea, kule kule tu. MU ni ndani. Mezani pana kitabu, sokoni kuna watu, chunguni mna mchuzi. Katika laptopu 4 zilizochunguzwa (3, tukiiacha ile niliyoitupa), sijaona kugoma kusikoingia katika mojawapo ya viambishi hivi.

Ngeli ya PA: waliozuiwa mlangoni

Hawa ndio rahisi, wala sitakawia nao. Safari haijaanza. Programu ya kupandisha daraja imeikagua laptopu, imeikuta na upungufu, imeirudisha. Windows 11 inataka RAM ya GB 4, diski ya GB 64, prosesa iliyo kwenye orodha yao (kwa Intel, kwa jumla kuanzia kizazi cha 8), uwezo wa kuwaka kwa njia salama, na kitu kiitwacho TPM 2.0, kisanduku kidogo ndani ya mashine kinachotunza funguo za siri. Asiyekuwa navyo anaambiwa palepale kwamba kompyuta hii haikidhi masharti.

Wanazuoni wasio makini wangeishia hapo. Mimi nagawa PA mara mbili. Kuna PA ya kweli na PA ya kusingiziwa. PA ya kweli ni ya mwenzangu anayefundisha Hisabati: prosesa yake ni ya kizazi cha 4, na hata uifukize ubani haitafika cha 8. PA ya kusingiziwa ilikuwa yangu. Niliambiwa sina TPM, nami nikaamini, nikahuzunika siku mbili, nikaanza kuuliza bei za laptopu mpya. Kumbe nilikuwa nayo tangu siku niliyoinunua, ila ilikuwa imezimwa. Unaizima mashine, unaiwasha huku ukibonyeza F2, au F10, au Delete, kutegemea aliyeitengeneza, unaingia kwenye ile skrini ya mipangilio inayokuja kabla ya Windows, unatafuta penye usalama, unaiwasha. Dakika 4. Ni kama mtu aliyekataliwa kuingia ofisi ya serikali kwa kukosa kitambulisho, na kitambulisho kipo mfuko wa nyuma.

Jamii ya mwisho ya PA ni diski iliyojaa, msimbo 0x80070070. Inatibika kwa kufuta. Tatizo si la kiufundi, ni la kijamii: kilichojaza diski ni video za harusi za watu wengine, waliozileta kwa flashi "kwa muda tu", na hakuna harusi ambayo mwenyewe atakubali iwe ya kwanza kufutwa. Upandishaji wenyewe unahitaji nafasi kama ya GB 20. Hiyo ni harusi nne kwa kipimo cha kwetu, ukihesabu na nikahi.

Ngeli ya KU: waliopotea njiani

Sasa ule mto. Faili la kuweka Windows 11 linazidi GB 5. Kwa mtu aliyeunganishwa na faiba Nairobi hicho ni kikombe cha chai. Kwa mtu anayevuta intaneti kwa hotispoti ya simu, akiwa ameishikilia simu juu ya tangi la maji ili ione mnara, hiyo ni Ewaso Ng'iro. Huko juu mambo yanaanza kwa kishindo: asilimia 10, asilimia 20, mto umejaa. Kisha jua linakuwa kali, watu wa mtaa mzima wanaamka na kuingia WhatsApp, kila mmoja anateka debe lake. Asilimia 61 maji yanapungua. Asilimia 88 ni matone. Asilimia 97 mchanga mkavu, bando limeisha, na Lorian unaiona kwa macho.

Ubaya wa KU ni kwamba hakuna mhalifu. Muulize mtu wa Merti kama ndiye aliyemaliza maji, atakuelekeza juu zaidi. Hali huenda ikabadilika: barabara ya Isiolo hadi Mandera inajengwa kwa fedha za Benki ya Dunia, na katika mpango wake kuna kebo ya faiba itakayolazwa kandokando. Nitaandika makala nyingine itakapofika. Kwa sasa njia ya uhakika ni ile iliyotumika kuleta kila kitu Sericho: lori. Kijana wa dukani alimpigia binamu yake wa Isiolo mjini, akapakua faili huko, akaliweka kwenye flashi, flashi ikafungwa kwenye karatasi ya sukari na kupewa utingo.

Ilifika salama salimini. Ndani yake faili kubwa kuliko yote halikuwamo. Hapa naomba utulivu, kwa sababu hili ndilo tukio la KU ninalolipenda kuliko mengine. Flashi nyingi hupangwa kwa mtindo uitwao FAT32, na mtindo huo haupokei faili moja linalofika GB 4, hata kama flashi yenyewe ni ya GB 64 na iko tupu. Ndani ya Windows 11 kuna faili liitwalo install.wim, na ndilo limebeba mfumo karibu wote. Huwa linazidi kipimo hicho. Binamu alinakili folda, kompyuta ikamwambia kwamba faili moja ni kubwa mno, akabonyeza kitufe cha kuruka, yakaingia mengine yote, madogo madogo. Kwa hiyo lori lilituletea hema lenye kamba, vigingi, mikeka na birika, bila turubai.

Dawa ni kuipanga flashi upya kwa NTFS, au kuitengeneza kwa programu kama Rufus ambayo inalijua tatizo hilo, au kulikata faili vipande. Na kwa kila faili lililosafiri, hakikisha alama zake: kuna hesabu iitwayo SHA-256 inayotoa herufi na tarakimu 64 kwa kila faili, na biti moja ikibadilika, karibu zote hubadilika. Linganisha za kwako na zilizochapishwa na mwenye faili. Lililokatika njiani huwa na sura, jina na ikoni ya lile zima, na watu wa mifugo hawahitaji kuelezwa maana ya kulipia ng'ombe kwa kuangalia ngozi.

Ngeli ya MU: waliofia ndani

Hapa ndipo wanaume hunyamaza. Laptopu imekubaliwa mlangoni, faili limefika zima, imejizima, imejiwasha, imeandika asilimia, na sasa imo humo. Mle ndani mna nini?

Mna vituo vinne. Cha kwanza mfumo wa zamani bado uko kazini: mpya unakusanya vifaa vyake na kuvificha kwenye folda yake. Cha pili mashine inajiwasha upya na kuingia katika mfumo mdogo wa muda, kama kibanda cha wajenzi, ambamo mfumo mpya unalazwa mahali pake. Cha tatu mfumo mpya unawaka kwa mara ya kwanza na kuanza kuvitambua vifaa: kibodi, skrini, spika. Cha nne unawaka kwa mara ya pili, unahamisha mafaili na mipangilio ya mwenyewe, kisha unamkaribisha. Mambo yakiharibika popote, unajaribu kurudi nyuma: skrini inaandika kwamba inatengua mabadiliko, na baada ya nusu saa unakuta laptopu yako ileile ya zamani, ikijifanya haijui ulikuwa wapi.

Sasa ile nambari ndefu ambayo Abuya aliikataa. Ilikuwa 0xC1900101, kistari, 0x30018. Nilipoisoma vizuri nilisimama. Kipande cha kwanza kinasema nini kimetokea, kwa ujumla wa kukatisha tamaa: kurudi nyuma, na mara nyingi kosa ni la viendeshi. Lakini kipande cha pili kinasema *wapi*. Tarakimu ile ya kwanza baada ya 0x ni namba ya kituo: 1 ni mfumo wa zamani, 2 kibanda cha wajenzi, 3 kuwaka kwa kwanza, 4 kuwaka kwa pili. Yangu ilikuwa 3. Wahandisi wa Microsoft huko Redmond, ambao sidhani kama walipita mikononi mwa mwalimu yeyote wa Kiswahili, walikuwa wameweka kiambishi cha mahali kwenye mkia wa kosa. Watu huandika kile kipande cha kwanza kwenye karatasi na kukipeleka kwa fundi, wakikiacha cha pili kwenye skrini. Wanabeba jina la ngamia na kuziacha nyayo.

Nikamweleza Abuya kwamba alikataa, samahani, ilikataa ikiwa kituo cha tatu, na kwamba pengine ni kosa la dereva.

"Dereva yupi? Yule wa lori?"

Hapana, dereva wa ndani. Tunaita kiendeshi. Ni programu ndogo inayomwezesha bwana mkubwa kuongea na kifaa: kila kifaa na dereva wake.

"Madereva wangapi?"

Nikasema mamia. Abuya akacheka hadi chai ikamwagika. Gari lenye madereva mamia, akasema, afadhali limefika hata hicho kituo cha tatu.

Nyayo zenyewe, zile za kina, mashine inaziandika kwenye faili liitwalo setuperr.log, nalo limo ndani ya folda iitwayo Panther. Neno hilo la Kiingereza ni chui. Sikubuni, ndilo jina lake, na wamiliki wa mbuzi wote wa Sericho waliosikia wameona ni mahali pabaya pa kuweka kumbukumbu. Humo, kati ya mistari mingi isiyosomeka, mlikuwa na jina ninalolifahamu: la modemu ya USB, ile ya kuchomeka ubavuni, niliyoitumia mwaka 2022 na kuipoteza mwaka 2023. Kifaa kilipotea. Dereva wake alibaki ndani, miaka miwili, akimngoja abiria. Mimi ndiye niliyempandisha na mimi ndiye niliyesahau kumshusha.

Jamii nyingine za MU nazitaja kwa kupita. Kuna ile isiyokwama ila inadhaniwa imekwama. Asilimia haisogei saa nzima, mwenyewe anabonyeza kitufe cha kuzima, na hapo ndipo inapokwama kweli. Ukiona taa ya diski inapepesa, ondoka ukachunge kitu. Kuna ile ya stima. Kwetu stima ni sola, na betri ya laptopu ya mtumba hukaa dakika 40 ikijitahidi. Anayeanza kupandisha daraja saa 11 jioni, inverta ikiwa imeshaanza kulia, ameandika wasia. Kuna ile inayoamka na kudai ufunguo wa BitLocker wenye tarakimu 48, ambao hukumbuki kuuhifadhi kwa sababu hukujua unao. Na kuna MU ya halaiki. Tarehe 19 Julai 2024 faili moja bovu la programu ya usalama ya CrowdStrike lilizigomesha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, ndege zikalala viwanjani duniani kote. Kwa nyingi dawa ilikuwa ya kuingiza mkono mle: kuiwasha mashine kwa hali salama, kufungua folda moja, kufuta faili moja, kisha kuiendea mashine inayofuata. Sisi hatukuguswa. Ile laptopu ya mwenye duka siku hiyo iliuza sukari kama kawaida, na narudia kwamba haimo kwenye utafiti.

Ngeli ya A-WA: washauri

Sitawaainisha wote, wengine ni wakwe. Kuna asemaye "piga formati" kabla hujamaliza salamu. Huyu angemwona mtu ana mafua angechimba kaburi. Kuna asemaye ni virusi. Kuna asemaye subiri, naye ndiye mwenye haki mara nyingi kuliko wote, ila hana maelezo, kwa hiyo haheshimiwi.

Na kuna kijana aliyerudi kutoka chuo akasema suluhisho ni Ubuntu. Mfumo huu ni wa bure, ulitoka mara ya kwanza Oktoba 2004, na hauna habari na vizazi vya prosesa. Mwenzangu wa Hisabati, yule wa PA ya kweli, alikubali, kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Mjadala uliozuka ulikuwa juu ya jina. Ubuntu ni neno la Kibantu, ni utu. Sisi ni Wakushi. Mzee mmoja akauliza kama hakuna mfumo wenye jina la watu wa huku. Nikamwambia kwamba mwaka huohuo wa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazoongea Kiswahili, kwa hiyo hata Waswahili walipata tu meza na kalamu, nyumba ilikuwa ya mwingine. Laptopu ya Hisabati inafanya kazi hadi leo. Mwenyewe anasema imekuwa nyepesi kuliko ilipokuwa mpya. Printa ya shule ndiyo haijaitambua, na kwa jambo hilo amerudi kwenye KU.

Usiku wenyewe

Saa 3 usiku nilianza upya. Nilimshusha dereva wa modemu na programu yake yote. Niliondoa antivirusi niliyopewa na mtu. Nilichomoa kila kilichochomekwa: flashi, mausi, waya wa simu. Nilihakikisha nafasi, GB 27, baada ya kufuta harusi tano ambazo majina yake sitayataja. Betri mbili za sola zilikuwa zimeshiba jua la kutwa. Binti yangu, aliyekuwa kidato cha pili, katika lile kundi la mwisho lililofanya mtihani wa KCPE mwaka 2023, alijilaza mkekani akisema atanisaidia, na baada ya dakika 10 alikuwa amelala na shuka hadi kichwani. Abuya alijiegemeza ukutani, fimbo mapajani, akitaka kuondoka alfajiri kuyazunguka yale mawe.

Saa 5, kituo cha kwanza. Saa 7 ikajizima, ikajiwasha, kibanda cha wajenzi. Feni ilikuwa inavuma kama nyuki. Nilikuwa nimeinyanyua laptopu juu ya vitabu viwili vya fasihi ili ipumue, maana hata usiku huo sakafu ilikuwa bado na joto la mchana. Saa 8 na nusu, kituo cha tatu. Asilimia 75. Palepale iliporudi nyuma mara ya mwisho. Taa ya diski ilipepesa, ikazima, ikakaa, ikapepesa tena. Nilijizuia kwa kukaa juu ya mikono yangu.

76.

Saa 10 alfajiri, kabla ya adhana, skrini ikawa nyeusi kwa muda ambao siwezi kuukadiria, kisha ikaniita kwa jina langu na kuniomba neno la siri. Picha ya ukutani ilikuwa ileile, ngamia watatu na mgunga. Mafaili ya alama za wanafunzi yote yalikuwamo. Nikaruka kutoka kwenye kiti.

"Amerudi!"

Abuya aliamka mzima mzima, fimbo mkononi, viatu tayari mguuni. "Wapi?"

"Imerudi, Baba," sauti ikatoka chini ya shuka. "I-ZI."

Lakini Abuya alikuwa ameshafungua mlango, na niliposogea dirishani niliona tochi yake inakwenda kasi upande wa mto.